Sura ya Sita: Jedwali la Nne

Zilibaki siku mbili. Jerónimo alikuwa ametamka mwenyewe, bila kupandisha sauti: Alhamisi, watu wakitoka kuswali adhuhuri, atarudi Palma kulichukua jina la msaliti. Shaweji akimpa jina, ataondoka na mwenye jina hilo. Asipompa, ataondoka na Mashaka.

Jerónimo alikuwa Mmakonde wa bara, na ndiye aliyepokea chumvi, sabuni na nguo zilizotoka pwani kwenda kwa watu wa msituni. Vita vyao na Wareno vilikuwa vimeingia mwaka wa saba. Serikali ilikuwa imewakusanya watu wa bara ndani ya vijiji vya seng'enge, na yeyote aliyebaki nje ya seng'enge alihesabiwa kuwa adui, pamoja na yule aliyemuuzia kibaba cha chumvi. Hata hivyo wachuuzi sita walikuwa wakiwauzia kwa siri. Ndani ya majuma matano, watano kati ya hao sita walikuwa wamechukuliwa na polisi wa siri, mmoja mmoja, na hakuna aliyerudi wala aliyejulikana alipo.

Wa sita alikuwa Mashaka, mwuza tumbaku. Yeye hakuguswa, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Shaweji Cassamo alikuwa amefanya kazi ya upekuzi wa forodha pale Namoto, kivuko cha mpakani kaskazini, kwa miaka kumi na minane, mpaka vita vilipoanza na Wareno wakaacha kuwaamini watu wa pwani. Aliwahi kukuta bunda la doti za kanga ndani ya tumbo la papa mkavu. Alisoma Kireno bila kukwama. Kwa sababu hizo mbili jamaa za waliochukuliwa walimwendea, wakamwomba awatafutie mtu aliyewauza. Baada ya siku tisa za kuuliza, hakuwa na kitu.

Jumanne asubuhi alimwendea Mashaka tena. Alimkuta ndani, mlango umerudishwa nusu, akikata tumbaku ambayo hakuna aliyeinunua tangu wa tano achukuliwe. Ijumaa iliyopita msikitini Mashaka alisimama safuni, na nafasi ya kulia na ya kushoto kwake zikabaki wazi mpaka imamu alipotoa salamu.

"Mwezi uliopita ulikwenda posto, ofisini kwa Wareno, mara tatu," Shaweji alisema akiwa bado hajaketi. "Umeonekana."

"Nilikwenda mara nne."

"Kufuata nini?"

Mashaka aliinuka, akafungua sanduku, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa guia, cheti cha ruhusa ya safari. Mahali pa mhuri palikuwa patupu.

"Binti yangu yuko Nangade, amejifungua. Niliomba kwenda kumwona. Mara zote nne wameniambia rudi kesho."

Shaweji aliinua karatasi kwenye mwanga wa mlangoni. Tarehe nne zilikuwa zimeandikwa pembeni kwa wino wa karani, na zote nne zimekatwa mstari. Haikuwa karatasi ya kutunga. Mtu anayewapelekea polisi majina ya watu hawezi kunyimwa mhuri mmoja mara nne.

"Kwa nini wewe wamekuacha?" aliuliza.

"Kaka Shaweji, hilo nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Siku nyingine naomba waje wanichukue, ili watu wanisalimie."

Shaweji alimrudishia cheti chake, akatoka. Alipofika kwake alichana upande wa mfuko wa saruji, akaandika kwa penseli waliochukuliwa, kwa namna walivyofuatana. Wa kwanza ni Awa, mjane wa Namoto. Akafuata mchuuzi wa samaki wakavu wa Awasse, mbali kule kusini, safari ya kutwa nzima kwa gari. Kisha fundi cherehani wa hapahapa Palma. Kisha mchemsha chumvi wa Afungi. Mwisho Ossufo, mwuza nguo, ambaye naye ni wa Palma, milango mitatu tu kutoka kwa fundi.

Aliitazama orodha hiyo muda mrefu. Gari lilitoka kaskazini kabisa likaenda kusini kabisa, likarudi katikati, likaenda Afungi, likarudi tena katikati. Mtu wa hapa angewaambia polisi: fundi na Ossufo wanasikizana kikohozi, wachukueni siku moja kabla mmoja hajamshtua mwenzake. Badala yake walimchukua fundi, wakampa Ossufo siku kumi na saba za kukimbia. Ossufo hakukimbia, kwa kuwa hakudhani kwamba anatafutwa.

Hao polisi walikuwa wakifuata karatasi. Na aliyeiandika karatasi hiyo hakuwapanga watu kwa mahali wanapokaa.

Alasiri alikwenda kwa Siwema, binti wa Awa, ambaye tangu mama yake achukuliwe alikuwa amehamia Palma kwa shangazi yake. Alimkuta juu ya mbuzi akikuna nazi. Alipomwona Shaweji alijifunika vizuri, akamsukumia kigoda kwa mguu.

"Baba mdogo, nilishakueleza yote."

"Nieleze tena. Siku walipokuja, nani alianza kusema?"

"Yule wa shati la pasi. Alisema Kireno, askari wao mweusi, sipai, akatafsiri."

"Neno la kwanza?"

Siwema aliacha kukuna. "Alisema, wateja wako kumi na wawili wa bara ni akina nani."

"Kumi na wawili? Alitaja idadi?"

"Aliitaja."

"Wewe ulikuwa ukiijua?"

"Hata mimi mwanawe sikuijua. Mama alikuwa hasemi mambo ya mizigo yake. Ningeulizwa ningesema wanne, watano."

"Mashaka je?"

"Mashaka ataijulia wapi?" Alisema haraka, halafu akakunja uso, kana kwamba jibu limemtoka kabla hajalikubali.

"Kuna mtu yeyote ambaye mama yako alipata kumhesabia wateja wake? Fikiri, mwanangu. Hata zamani."

Siwema aliigeuza nazi mkononi. Tui lilikuwa likimchirizika kwenye kidole.

"Yule mwalimu," alisema mwisho. "Mwalimu mwanamke wa chuo kikuu cha kusini. Alikuja mwaka juzi na daftari. Siku mbili nzima alikaa na mama mkekani, mkalimani kati yao. Anamuuliza, mama, mtu huna duka, huandiki, huna mizani ya serikali, unamjuaje wa kumwamini? Mama anacheka, anamwambia. Mimi ndiye niliyewapikia kahawa." Alijifuta mkono kwenye kanga. "Mama alimpenda sana. Alisema katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza namna anavyofanya kazi yake. Alipoondoka mama akaniambia, unaona, leo nimemfundisha mwalimu."

"Aliandika?"

"Kila neno."

Mwalimu huyo aliitwa Inês, na Shaweji hakuhitaji kumtafuta mbali. Alikuwa amerudi tangu Jumatatu kwa kazi ya pili ya utafiti wake, akifikia nyumba ya wageni ya posto. Jumatano saa mbili asubuhi Shaweji alivaa koti lake la zamani la forodha, vifungo viwili havipo, akaandikisha jina lake kwa askari wa mlangoni, akapelekwa barazani.

Inês alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, pua imebabuka kwa jua, kitambaa kichwani. Shaweji alijitaja kwa Kireno na kusema kazi aliyofanya zamani. Inês akasimama kwa furaha.

"Mpekuzi wa forodha! Miaka kumi na minane! Senhor Shaweji, laiti ningekupata mwaka ule. Wewe ungenisomesha mambo mengi."

"Nimesikia umeandika kitabu kuhusu watu wetu, doutora. Nimekuja kukiona."

Inês aliingia ndani, akatoka na kijitabu cha jalada la kijivu. Juu yake paliandikwa kwa Kireno: Uaminifu Pasipo Maandishi, Wachuuzi wa Kiislamu wa Pwani ya Kaskazini. Chini, jina lake na la kitivo cha biashara anakofundisha.

"Kitivoni kwetu wote wanasoma habari za makampuni na viwanda," alisema. "Nilipowaambia nakwenda kumsoma mjane anayeuza sindano, walicheka. Sasa wananiita mtaalamu wa kaskazini. Nafundisha somo zima kutokana na kitabu hiki."

Shaweji alifungua, akapita dibaji na shukrani. Katika ukurasa wa thelathini na moja alisimama. Palikuwa na Jedwali la Nne: wachuuzi waliohojiwa kwa kina, kwa kufuata miaka yao katika biashara. Mistari ilikuwa mitano.

"Majina hamkuandika," alisema.

"Hata moja. Tuliwaahidi. Hiyo ni sheria ya kazi yetu."

"Nikusomee?"

Inês alitabasamu, akaitikia kwa kichwa.

"Mstari wa kwanza. Mjane, miaka thelathini na mmoja katika biashara, sindano na sabuni, kivukoni, wateja wa bara kumi na wawili." Aliinua macho. "Kivukoni kuna mjane mmoja tu anayeuza sindano. Anaitwa Awa. Amechukuliwa mwezi wa tano, tarehe tatu."

"Amechukuliwa na nani?"

"Mstari wa pili. Mwanamume, miaka ishirini na sita, samaki wakavu, njia panda, wateja wa bara tisa. Huyo ni wa Awasse. Tarehe kumi na moja. Mstari wa tatu, fundi wa kushona, miaka ishirini na mmoja. Tarehe kumi na tisa. Wa nne, mchemsha chumvi. Tarehe ishirini na saba. Wa tano, mwuza nguo, miaka kumi na minne, ndiye mdogo wao katika kazi. Tarehe tano mwezi huu." Aliweka kijitabu mezani, akakigeuza kumwelekea. "Wamewafuata hivihivi ulivyowapanga wewe, doutora. Hawakuruka hata mstari."

Inês alikivuta kijitabu karibu. Kidole chake kilishuka mstari hadi mstari, kikarudi juu, kikashuka tena. Alipomaliza alikuwa amekaa, ingawa Shaweji hakumwona akikaa.

"Nani alisoma?" Shaweji aliuliza.

"Nakala ni arobaini. Maktaba. Walimu wenzangu."

"Nani alisoma kabla ya walimu?"

Inês alifunika jedwali kwa kiganja. "Kuna ofisi ya serikali iliyotupa gari, petroli na mlinzi. Bila wao nisingefika huku, barabara ina mabomu. Sharti lao lilikuwa moja tu, wasome kabla hakijachapwa."

"Walisoma lini?"

"Mwezi wa nne."

"Na daftari zako za mkono?"

"Waliziomba wazilinganishe. Walizirudisha baada ya siku mbili, hazikukosekana hata ukurasa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Awa yuko hai?"

"Sijui."

"Nitamwandikia mkuu wa kitivo."

"Utamwandikia afanye nini?"

Inês alikifunga kijitabu. Nje askari wa mlangoni alikuwa akipiga mluzi.

"Nimekuja kwa jambo moja," Shaweji alisema. "Kuna mtu wa sita. Mashaka, mwuza tumbaku. Ulimhoji?"

Alikwenda ndani, akarudi na daftari lenye alama za maji, akapekua mpaka akafika. Alisoma polepole. "Mashaka, tumbaku, Palma. Hayupo. Amekwenda ng'ambo kumzika kaka yake. Asihesabiwe."

Shaweji alivuta pumzi. Mashaka aliachwa kwa sababu siku daftari lilipopita alikuwa kaburini Mtwara akifukia udongo. Polisi hawakuwa na mstari wake.

"Kesho watu watamchukua huyo, wakiamini yeye ndiye aliyewauza wenzake. Nipe ukurasa huo. Na uniandikie chini yake maneno mawili, utie sahihi, kwamba majibu yaliyomo humu ulipewa na hao watano wenyewe."

Inês aliuchana ukurasa mara moja. Kalamu aliishika, akaiweka juu ya karatasi, ikabaki hapohapo mpaka wino ukafanya doa.

"Ukikamatwa nayo watakuja kwangu," alisema.

"Watakuja. Na watakuuliza kwa adabu, doutora."

Inês alilia, lakini hakuandika. Alimpa ukurasa na kijitabu, akamwomba msamaha, na Shaweji akatambua kwamba msamaha huo haukuwa wake kuutoa. Akaviingiza ndani ya bitana la koti, mahali ambapo zamani alizoea kukamata magendo ya watu, akampungia askari mkono na kutoka.

Alhamisi baada ya swala walikutana uani kwa Mwanvua, mke wa Ossufo. Jerónimo alikuwa amevaa kama mnunuzi wa korosho, na kigunia begani. Jamaa wa wale watano walikuwepo, wanawake wengi kuliko wanaume. Siwema alikaa karibu na jiko. Mashaka alikuja kwa miguu yake mwenyewe, kanzu imefuliwa, nyuma yake mkewe Mwanawetu. Hakuna aliyewapisha mkeka, wakabaki wamesimama.

Shaweji alieleza yote tangu mwanzo. Aliwaeleza namna gari lilivyokwenda na kurudi. Aliwatafsiria jedwali mstari kwa mstari, akataja tarehe, na kila tarehe ilipotajwa mtu mmoja uani aliinamisha kichwa. Kisha akasoma ukurasa wa daftari. Alipomaliza alidhani amemaliza.

Mwanvua ndiye aliyesema kwanza. "Shemeji, unataka kusema Ossufo alijiuza mwenyewe?"

"Sikusema kujiuza. Aliulizwa na mtu mpole, naye akajibu. Mwalimu mwenyewe hakujua karatasi zitaishia wapi."

"Mume wangu miaka kumi na minne hakuniambia mimi mkewe mzigo unakwenda kwa nani. Nikimuuliza alikuwa ananiambia, lala. Leo wewe unaniambia alimhesabia mzungu?"

"Mwanvua—"

"Alimhesabia mzungu, mimi akaniambia lala?"

Hakukuwa na kelele. Shaweji aliwatazama mmoja mmoja, akaona kila uso unamfungia mlango. Siku hizo zote alikuwa ametafuta kwa bidii, wala hakujiuliza watu hawa watabaki na nini akishapata. Walikuwa wamepotewa na waume, mama na kaka. Sasa amewaletea habari kwamba hao waliopotea waliufungua mdomo wao wenyewe, wakifurahi.

"Siwema," alisema. "Waambie ulichoniambia. Wateja kumi na wawili. Siku mbili mkekani."

Siwema alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Sikumbuki."

"Juzi, mwanangu. Umekaa juu ya mbuzi unakuna nazi."

"Nimesema sikumbuki, baba mdogo!" Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Mama yangu hakukaa na mzungu yeyote. Mama yangu hakusema kitu."

Mwanvua alinyanyuka, akakichukua kijitabu pale mkekani, akakifungua kinyume, herufi chini juu. "Kireno hiki nani anakisoma hapa isipokuwa wewe? Wewe uliyekula mshahara wao miaka kumi na minane? Jana umeonekana barazani posto, unazungumza nao." Akakitupa jikoni. Jalada la kijivu lilijikunja, likashika moto. Shaweji alipiga hatua moja, na Jerónimo akamshika mkono.

"Mzee, mwache."

"Umenisikia lakini? Umeelewa?"

"Nimeelewa. Mimi nakuamini," Jerónimo alisema kwa sauti ya kusikiwa na wao wawili tu. "Jambo la gari kwenda na kurudi nililiona mwenyewe, nikashindwa kulifumbua. Lakini kule watu wanapika mboga bila chumvi mwezi wa pili huu, na wana wagonjwa. Wamenituma nilete mtu. Na hawa wa hapa, nikimwacha Mashaka, hakuna hata mmoja atakayenipa mzigo tena. Nitafanyaje?"

"Utawaambia ukweli."

"Nitawaambia. Nitamsimamia kwa kadiri ya nguvu zangu. Siyo mimi ninayeamua."

Alimwendea Mashaka. Hakumfunga kamba wala kumgusa. Alimwambia tu, "Twende, ndugu." Mashaka alimtazama Shaweji, akatikisa kichwa kidogo kama mtu aliyepokea salamu, kisha akavua kofia yake ya vito akampa mkewe. Walitoka kwa mlango wa nyuma, mmoja mbele mmoja nyuma, wakashika njia ya mikorosho. Wanawake walianza kukunja mikeka.

Kwa muda mrefu Mwanawetu hakuondoka pale aliposimama. Watu walipokwisha alimfuata Shaweji mpaka barabarani.

"Shemeji. Ulichosoma mle, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi wewe unajua na mimi najua."

"Na Jerónimo."

"Watatu," alisema. Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi."

Alimpa. Mwanawetu hakujua kusoma. Aliugeuza ukurasa huku na huku, akatazama doa la wino.

"Jina lake ni lipi hapa?"

Shaweji alilionyesha kwa kidole. Mwanawetu akalifuata kwa kidole chake, herufi ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Na hili la mwisho kabisa linasemaje?"

Lilikuwa neno la asihesabiwe. Shaweji alilitazama.

"Linasema alikwenda kumzika kaka yake," alisema.

Mwanawetu aliikunja karatasi mara nne, akaifunga katika pindo la kanga, akaenda zake. Mikorosho ilichanua, ikazaa, ikaokotwa, na Mashaka hakurudi.